Sentensi Tano za Nyumbani

Ukimuuliza yeye mwenyewe, Mwalimu Zedekiah Wathome hakuwa mtu mbaya. Hakunywa pombe, hakuchelewa darasani, na kila Jumapili alikaa benchi la pili kanisani akiimba besi kama mtu asiye na kesi yoyote na Mungu. Alikuwa na jambo moja tu lililomkaa rohoni, nalo ni nyumba. Kwa miaka tisa jina lake lilikuwa kwenye orodha ya wanaongojea nyumba katika mtaa wa Kaloleni, na kwa miaka hiyo tisa yeye na mkewe Ndunge waliishi Shauri Moyo katika nusu ya chumba. Nusu nyingine ilikuwa ya muuza viatu wa soko la Gikomba, aliyekoroma nyuma ya pazia na kuota kwa sauti.

Kaloleni nyumba haikutoka hivi hivi. Zile nyumba za matofali za enzi ya mkoloni, kila moja na jiko lake na uga wake, waliingia humo wafanyakazi wa reli wakiwa vijana, wakazeekea humo, na walipokufa watoto wao walibaki ndani, na kadi ya upangaji ikabaki na jina la marehemu. Kila mtu alijua. Watu wa ofisi ya nyumba wakija kuuliza, mzee yuko mashambani, anaugua, atarudi. Wazee waliokuwa mashambani kwa namna hiyo walikuwa wengi mno, na wala haukuwa uongo mtupu, maana wengi walikuwa huko kweli, ila chini ya udongo.

Mwalimu Wathome alifundisha Kiingereza darasa la nane, katika shule moja ya msingi hatua chache kutoka ukumbi wa Kaloleni. Mwezi wa Februari, mwaka wa 1995, alifika kwenye somo ambalo huwatoa wanafunzi jasho kila mwaka, usemi wa taarifa, na hasa pale mtu anaponukuliwa akisema jambo lijalo. Ni ugumu wa kujitakia. Sisi mtu akisema "nitakuja", tukimnukuu tunasema "alisema atakuja", basi, na ujio wake bado uko mbele yetu tunaungojea. Mwingereza hataki hivyo. Mtu akishafunga mdomo tu, "will" inarudishwa nyuma na kuwa "would", kesho inaitwa siku iliyofuata, na ahadi ya watu inawekwa mbali kama kitu kilichopita kabla hakijafika. Wathome alilipenda somo hilo. Alisema ndilo linalotenganisha waliosoma na waliopita tu mbele ya shule.

Wanafunzi wake arobaini na sita walilikwepa kwa njia ya mkato. Jumatatu moja alikusanya madaftari akakuta sentensi zilezile kwenye yote, zimenakiliwa kutoka kitabuni, kuhusu bwana mmoja aliyesema angesafiri kwenda London. Aliwachapa wote, mstari kwa mstari, mpaka mkono ukamuuma, kisha akasimama mbele yao akihema.

"Huyo bwana wa London simtaki tena," alisema. "Nyinyi mnaishi na watu. Nendeni nyumbani mkasikilize. Baba anasema atafanya nini, mama anasema ataenda wapi. Kila Jumatatu nataka sentensi tano, za kweli, zilizosemwa nyumbani kwenu. Atakayedanganya nitamjua."

Lilikuwa wazo zuri la kufundishia, hilo lazima tumpe. Kufikia wiki ya tatu hakuna aliyekosea "would". Lakini mwalimu naye alikuwa ameonja kitu. Jioni alikaa Shauri Moyo na chai yake akisoma jinsi mama yake Walter alivyosema angehama kanisa mchungaji asipomwomba radhi, na jinsi baba ya Nthoki alivyosema angeoa mwanamke wa pili baada ya Pasaka, na jinsi jamaa fulani alivyosema wangehamia mtaa wa Komarock bila kuwaaga ndugu zake ili wasifuatwe. Alicheka peke yake mpaka Ndunge akauliza kuna nini. Mtaa mzima ulikuwa umemfungulia milango, na watoto wake wenyewe ndio walioshika funguo.

Mwanafunzi wake bora aliitwa Nyawira, binti wa Ngigi, fundi wa masanduku ya bati. Yale masanduku ambayo watoto wa shule za bweni huenda nayo, Ngigi aliyagonga kwa nyundo Gikomba kuanzia asubuhi hadi jioni. Yeye, mkewe Wakiuru na binti yao waliishi Kaloleni, katika nyumba ya babu ya Nyawira, Mzee Wahome. Mzee Wahome alikuwa amezikwa mwaka wa 1991. Mwalimu Wathome alijua vizuri, kwa sababu alikuwa amekula wali kwenye matanga yake.

Wiki ya nne, sentensi ya nne katika daftari la Nyawira, kwa mwandiko wake wa kulala na Kiingereza kisicho na doa, ilieleza kwamba baba yake alisema watu wa ofisi ya nyumba wakija wangewaambia babu amekwenda kwao Kangema kutibiwa mguu. Mtoto alikuwa ameambiwa aandike ya kweli, naye akaandika ya kweli. Hakuwa amefundishwa kwamba kuna ukweli wa kuandika na ukweli wa kumeza.

Mwalimu aliisoma mara mbili. Akaipigia mstari kwa kalamu nyekundu, ingawa haikuwa na kosa. Kisha akampa Nyawira kumi kwa kumi, na chini akamwandikia aendelee vivyo hivyo.

Siku mbili baadaye alikuwa amekaa mbele ya karani wa nyumba, mtu aliyeitwa Barre. Hakuomba kitu. Aliuliza tu, kama mtu anayetaka kujielimisha, ikiwa mpangaji aliyekufa bado huhesabiwa kuwa mpangaji. Barre akamwambia hapana. Akauliza tena, je, watu wakisema huyo mtu yuko Kangema anatibiwa mguu? Barre akachukua kalamu. Wathome alitoka pale akijiambia kwamba sheria ni sheria na kwamba yeye aliuliza swali tu. Kuna watu wana kipaji hicho, cha kutenda jambo huku mikono yao ikiwa mifukoni.

Walitolewa Aprili, wakati shule zimefungwa, saa tatu asubuhi. Wathome alikwenda kutazama. Hakuweza kujizuia. Alisimama ng'ambo ya barabara nyuma ya ua wa michongoma, akaona kitanda kikitoka, meza ikitoka, sufuria zikiwekwa juu ya nyasi. Ngigi alimkaribia karani, kofia mkononi.

"Bwana Barre, tusikilizane kidogo. Mzee hayupo, lakini..."

"Usinianzie," Barre alisema. "Na usiniambie ameenda Kangema kutibiwa mguu."

Nyawira alikuwa anatoka mlangoni na jiko la makaa mikononi. Alisimama. Ule mguu wa babu ulibuniwa siku moja tu, mezani, juu ya sahani za githeri, na haukuwahi kutajwa tena popote isipokuwa daftarini. Hakumtazama Barre, wala baba yake. Aligeuza shingo polepole, akatazama ng'ambo ya barabara, akamwona mwalimu wake kati ya majani ya michongoma. Kisha akaliweka jiko chini na kurudi ndani kuchukua vitu vingine.

Wiki iyo hiyo kadi iliandikwa jina la Zedekiah Wathome. Alihamia Jumamosi, na alama za miguu ya kitanda cha watu zilikuwa bado sakafuni. Ndunge alifurahi mpaka akalia. Aligusa bomba la jikoni, akalifungua na kulifunga, akalifungua tena.

Furaha hiyo ilidumu hadi Jumapili. Asubuhi Ndunge alimsalimu jirani wa mlango wa pili, Mama Nthoki, tena kwa Kikamba, akijua ni mtu wa kwao. Mama Nthoki aliendelea kuanika nguo. Alisalimu wa upande wa kushoto, naye akaingia ndani. Hakuna aliyejua ofisi ilipataje habari, lakini kila mtu alikuwa amemwona mwalimu akiingiza kochi lake wakati vyombo vya Ngigi bado viko kwenye nyasi, na hilo lilitosha. Kaloleni hawakumtukana wala hawakumrushia mawe. Waliacha tu kumwona. Akipita penye mazungumzo, mazungumzo yalikoma, na akishapita yaliendelea. Habari za mtaa zikawa haziwafikii kabisa. Yeye aliyekuwa akijua mke wa nani anasema nini, sasa hakujua hata maji yatakatika lini.

"Watazoea," alimwambia Ndunge.

"Watazoea lini?" Ndunge aliuliza.

Muhula wa pili Nyawira alirudi shuleni. Sasa aliishi na wazazi wake katika chumba cha mabati nyuma ya Gikomba, na alifika kila siku kabla ya kengele, viatu vina matope. Wathome hakuwa na wasiwasi na mtoto. Wasiwasi wake ulikuwa ule mstari mwekundu. Kama Ngigi angeuona, kama angeupeleka kwa Mama Nthoki au kwa mwalimu mkuu, nyumba ingenuka, na pengine kazi pia. Basi akamletea Nyawira daftari jipya bila kuombwa, lenye jalada gumu, akamwambia alete lile lililojaa. Alimwambia hivyo kwa sauti ya upole ambayo darasa halikuwahi kuisikia.

Nyawira alilipokea daftari jipya kwa mikono miwili. Jumatatu iliyofuata sentensi yake ya tano ilisema kwamba baba yake alisema angelitunza lile la kwanza.

Kuanzia hapo mwalimu hakulala vizuri. Mbaya zaidi, mwalimu mkuu alikuwa ameagiza watahiniwa wa darasa la nane wabadilishane madaftari na kusahihishiana kwanza, ndipo yamfikie mwalimu. Kwa hiyo kila alichokiandika Nyawira, Walter alikisoma, na alichokisoma Walter kilienea darasa zima kabla ya mapumziko ya saa nne.

Katikati ya Juni Nyawira alikosa shule wiki nzima. Wathome aliuliza, na darasa likanyamaza, mpaka Walter akasema kwa sauti ya chini, "Alienda ocha, mwalimu."

"Mashambani? Kufanya nini, na mtihani uko mlangoni?"

 Watoto arobaini na watano walitazama madawati yao. Jioni za wiki hiyo watu waliimba ukumbini mfululizo, nyimbo za taratibu za kanisani, na magari mawili yalikuwa yameegeshwa nje. Wathome alifunga madirisha akalalamika kwamba siku hizi kila mwenye gitaa ni mhubiri. Ndunge alitaka kwenda kuona kuna nini. Alimkataza.

Nyawira aliporudi, mwalimu alimwita mbele na kumdai barua ya mzazi ya kueleza alikokuwa. Hakuwa nayo. Alimchapa viboko vinne, viwili kila mkono. Msichana hakulia wala hakueleza, na kutoka mbali zilisikika nyundo za mafundi. Wathome aliona amepata ushindi fulani.

Jumatatu iliyofuata ndipo ilipoanza. Sentensi nne za kwanza zilikuwa za mama, maharagwe na maji na kadhalika. Ya tano ilikuwa hii, na alikuja kuijua kwa moyo kama sala: *Father said that he would come to see Mr Wathome the following Saturday.* Baba alisema angekuja kumwona Mwalimu Wathome Jumamosi iliyofuata.

Hakuna kosa. Aliweka alama ya vyema.

Jumamosi hiyo ya kwanza alimwambia Ndunge apike. Wali, kuku, chapati. Alikuwa ametunga hotuba nzima ya kumpokea Ngigi, yenye maneno kama "riziki" na "utaratibu" na "tusichukiane". Saa nne ikafika, saa saba ikafika, kuku akapoa. Saa kumi na moja wakala wenyewe. Jumatatu sentensi ikarudi vilevile, Jumamosi iliyofuata. Wiki hiyo hakupika mtu. Alinunua kufuli la pili. Wiki ya tatu akaomba radhi kwaya ya kanisa kwamba hataweza tena mazoezi ya Jumamosi. Wiki ya tano alikaa nyuma ya pazia tangu asubuhi akitazama njia, na kila mwanamume mrefu aliyeshika kitu mkononi alikuwa Ngigi na nyundo yake.

Likizo ya Agosti haikumsaidia, kwa kuwa watahiniwa walikuja masomo ya ziada, na madaftari yao pia. Aliwaza kulifuta zoezi lenyewe. Lakini darasa zima lingejua ni kwa nini, na zaidi ya hapo, asipoisoma ile sentensi angejuaje kama imebadilika? Akawa anaitafuta. Jumatatu alilifungua daftari la Nyawira kabla ya mengine yote, akaruka mpaka ya tano, na kuikuta pale, nadhifu, imepewa vyema na Walter kwa penseli.

"Huyo mtu atakuja lini?" Ndunge alimuuliza siku moja. Alikuwa amekonda. Miezi mitano bila mtu wa kumsalimia si mchezo. "Na akija atatufanya nini? Mbona unamwogopa hivi? Nyumba si ulipewa?"

"Nilipewa."

"Basi nenda kwake wewe. Mkaongee yaishe. Mimi nimechoka kuishi na mtu anayechungulia dirishani kama mwizi."

Alikwenda, Jumamosi ya mwisho ya Septemba, saa nne asubuhi. Alivaa koti. Njia nzima alifanya hesabu ya kilicho bora kwake, akaamua kwamba atakana. Mstari mwekundu ni mstari tu, walimu hupiga mistari.

Nyuma ya Gikomba alielekezwa mara tatu, kati ya nyundo na vumbi la mbao, mpaka kwenye mlango wa bati. Wakiuru alikuwa amekaa nje akichambua maharagwe katika ungo. Alimtazama mgeni kwa muda, kisha akasimama haraka akipangusa mikono kwenye kanga.

"Mwalimu," alisema. "Ni wewe?"

"Habari ya hapa, Mama Nyawira. Nimekuja kwa ajili ya Baba Nyawira. Nimengoja sana, nikaona nije mwenyewe."

Uso wa Wakiuru ulilegea. Alimshika mwalimu mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Umechelewa, mwalimu, lakini umekuja. Mungu akubariki. Nilikuwa nimesema labda hujasikia. Ingia, ingia."

Ndani kulikuwa na kitanda, kiti kimoja, na juu ya ukuta wa bati picha ya Ngigi katika fremu, kofia kichwani, na utepe mweusi umezungushwa pembeni. Wathome alikalishwa kwenye kiti chini ya picha hiyo.

"Mvua ya Mei ilituingilia humu ndani," Wakiuru alieleza. "Kifua kikamshika. Wiki mbili tu. Tulimzika Kangema Juni, tarehe kumi na saba. Watu wa Kaloleni ndio walionisaidia, walikutana ukumbini kila jioni mpaka tukaondoka."

Sasa nitasema alichohisi, ingawa mwenyewe asingependa nikiseme. Alihisi furaha. Ilimjaa kifuani, furaha ya moto, ya mtu aliyefunguliwa pingu. Hakuna Ngigi. Hakuna nyundo, hakuna Jumamosi. Alilazimika kuinamisha kichwa ili mjane asiuone uso wake, naye mjane akadhani analia, akamletea maji.

"Kuhusu nyumba, hakuwa na kinyongo nawe," Wakiuru aliendelea. "Alisema nyumba ni ya kupewa, ungekataa wewe angepewa mwingine, afadhali mwalimu wa mtoto wetu. Alijisifia sana yale madaftari yako. Kumi kwa kumi, kumi kwa kumi. Lile la kwanza alilitunza chini ya mto. Kiingereza hakujua, lakini alama alizijua. Alhamisi ile, amelala hapo, akasema Jumamosi nikipata nafuu nitaenda kumwona mwalimu. Nitamshukuru, kisha nimwombe neno. Ijumaa hakuamka."

Wathome alikunywa maji. "Neno gani?" aliuliza, na mara akatamani asingeuliza.

"Mtoto anasoma kwa koroboi humu ndani, na kelele hizi unazisikia. Alitaka kukuomba ukae na Nyawira mpaka mtihani uishe. Ile nyumba ameikulia, hata hatawasumbua. Nilikuwa naona aibu kuja mwenyewe. Lakini ona, umekuja kwa miguu yako."

Mlango ulitiwa giza. Nyawira aliingia na mtungi wa plastiki wa maji, akautua, akasimama wima.

"Habari ya asubuhi, mwalimu," alisema.

Wathome alitafuta sababu. Alizo nazo zilikuwa nyingi: mkewe, nafasi, desturi. Alipofungua mdomo kuzitoa aliona kilichokuwa chini ya kitanda, sanduku la bati jipya, la mwisho kugongwa na Ngigi, limefungwa kwa kamba, na juu ya kifuniko chake daftari la zamani lililovikwa jalada la gazeti. Nyawira naye alikuwa akilitazama. Kisha akamtazama yeye, akangoja kwa adabu, kama mwanafunzi anayengoja mwalimu amalize kuandika ubaoni.

"Sawa," Wathome alisema. "Aje."

Hapo ndipo Wakiuru alipolia. Alimwombea mwalimu kwa sauti, akamtaja kwa jina mbele ya Mungu, na Wathome akaitikia amina.

Walitembea pamoja hadi Kaloleni, yeye mbele, msichana nyuma na sanduku kichwani. Alipohakikisha wako mbali na masikio ya watu alipunguza mwendo.

"Kwa nini uliandika ile sentensi kila wiki?"

"Ulisema tuandike ya kweli, mwalimu. Yaliyosemwa nyumbani."

"Baba yako alikuwa amekufa."

"Ndiyo. Ulinichapa nilipotoka kumzika." Alisema hivyo bila hasira, kama anayetaja tarehe. "Lakini alisema. Ndilo neno lake la mwisho juu yako. Tangu hapo hajasema lingine la mimi kuandika."

Walipita kundi la vijana waliokaa kando ya barabara. Mwalimu alingoja mpaka walipofika mbali nao.

"Mama yako anajua? Kuhusu... daftari?"

"Hajui." Kwa mara ya kwanza sauti yake ilikwama kidogo. "Nikimwambia, si atajua ni mimi niliyeandika? Baba alikufa akijisifia lile daftari. Silisemi hilo kwa mtu, mwalimu. Ni kuandika tu ninaandika."

Walipoingia mtaani milango ilifunguka. Mama Nthoki alitoka mpaka njiani, akamtua msichana sanduku, akamkumbatia, akamuuliza mama yake yu hali gani na kama wamekula. Watu wanne walimsalimu, kisha sita. Mwalimu Wathome alisimama katikati yao na funguo mbili mkononi, na hakuna jicho lililomgusa.

Ndunge alipoambiwa habari za msiba alishika kichwa, akalia kwa ajili ya Ngigi na kwa ajili ya ule uimbaji aliokatazwa kwenda. Lakini pia alifurahi, maskini, kwamba hatimaye kuna mtu wa tatu nyumbani wa kusema naye. Alipika chai ya maziwa. Alimwonyesha Nyawira pa kulala, na Nyawira akasema asante, anapajua.

Alasiri msichana alikaa mezani, mahali pale pale palipokuwa na meza ya kwao. Daftari la zamani aliliweka upande wa kushoto, limefungwa. Alifungua jipya, akaandika tarehe, akaandika moja hadi tano upande wa pambizo, nafasi sawa baina ya kila namba. Jumatatu Walter angelisahihisha, na kabla ya saa nne darasa lote lingekuwa limelisoma, na jioni mama zao. Kisha akainua macho na kumtazama mwenye nyumba.

"Baba," Ndunge alimwita mumewe kutoka jikoni, kwa sauti ya uchangamfu ambayo haikuwahi kusikika humo ndani tangu Aprili, "kesho tutaenda wote kanisani, au utakaa?"

Wathome alifungua mdomo, akaona kalamu ikishuka karibu na karatasi. Akaufunga.

"Nasema kesho utafanya nini?" Ndunge aliuliza tena, akichungulia mlangoni. "Mbona husemi?"

Maji ya bomba yalikuwa yakitiririka kwenye beseni. Nyawira hakuwa na haraka. Mtihani ulikuwa umebakiza wiki saba.